Ziba Hilux kwanza, muziki utafuata

Ukiwa na pikapu ya dizeli ya zamani na muziki hausikiki vizuri, duka lolote la redio za magari litakuuzia wati. Mimi nakwambia ziba kelele kwanza, spika zisubiri. Sababu ni ya hesabu. Kupandisha sauti kwa desibeli 3 tu kunataka nguvu ya amplifaya mara mbili, na ili sikio likubali kwamba sauti imekuwa maradufu unahitaji kama desibeli 10, yaani nguvu mara kumi. Kwa hiyo kila desibeli 3 za kelele unazozitoa kwenye kabini ni sawa na kuongezewa wati mara mbili, wati zisizokula betri wala kuunguza spika.

Gari ninalolisema ni Hilux dabo kabini ya 2002, injini 5L, lita 3 bila tabo. Nabebea nyanya za Ilula na vitunguu vya Ruaha Mbuyuni kuleta Dar. Kupanda mlima Kitonga kwa gia ya pili, hata bodi ikiwa tupu, ilikuwa ukimwambia jambo aliyekaa siti ya pili unalirudia. Fundi umeme wangu wa Ilala akiniona tu alikuwa na dawa moja: "Mama, tukufungie ya wati elfu mbili." Nikamjibu, "Fundi, tuanze na milango."

Kabla ya kutoa shilingi yoyote, ijue kelele yako inatoka wapi. Tafuta kipande cha lami kilichonyooka, tambarare na kitupu, nenda 80, kisha kanyaga klachi sekunde chache injini ishuke. Kinachobaki masikioni ni tairi na upepo. Kama kelele imepungua sana, adui yako ni injini na ukuta ulio nyuma yake. Kama haikupungua, angalia tairi. Ukiwa umefunga zile zenye meno makubwa ya matope, hakuna mpira utakaouweka sakafuni ukazinyamazisha kabisa, na mimi sitakudanganya.

Upepo unapimwa kwa noti. Weka noti ya elfu moja kwenye fremu, funga mlango, ivute. Ikitoka bila kubana, mpira wa mlango umekufa mahali hapo. Zunguka mlango mzima namna hiyo, hasa pembe ya juu karibu na kioo cha pembeni. Mpira mpya au wa mtumba ulio mzima kutoka maduka ya vipuri ya Gerezani utakupa ukimya mwingi kwa bei ndogo kuliko kitu kingine chochote kwenye makala hii. Kagua pia mauntingi za injini, yaani mipira inayoishikilia kwenye chasi. Kama usukani na kioo cha ndani vinatetemeka injini ikiwaka bila kukanyaga mafuta, badilisha hizo kwanza, maana mtikisiko unaopita kwenye chasi huwezi kuuziba kwa sponji.

Ukitaka ushahidi, pakua programu ya kupimia desibeli kwenye simu. Namba yake peke yake usiiamini sana, ila simu ileile, mahali palepale, mwendo uleule, vioo vimefungwa, kabla na baada, hapo tofauti itakuambia ukweli.

Vifaa ni vya aina tatu, na kila kimoja kina kazi yake. Watu wengi huweka kimoja kisha wakalalamika.

Cha kwanza ni butili yenye foili, yaani shiti ya mpira laini unaonata, ya milimita 2. Hii kazi yake si kuzuia sauti. Inalizuia bati lisilie. Bati la mlango ni pana na jembamba, likipigwa na mtikisiko linaimba, na butili inaupokea ule mtikisiko na kuumaliza ndani yake. Kwa sababu hiyo huhitaji kufunika bati lote. Nusu ya eneo inatosha, katikati ya bati, pale linaponesa zaidi. Yangu ilikula karibu mita za mraba 4. Kufunika kila sentimita ni kuongeza uzito bure, kama kilo 3 kwa kila mita ya mraba, na mie kilo zangu nazitaka kwenye matenga.

Angalia usiuziwe lami. Kuna teipu za kuzibia mabati yanayovuja kwenye maduka ya ujenzi, zina foili na zinang'aa vilevile, lakini nyingi ndani ni lami. Gari likikaa juani Dar mwezi wa pili, lami inalainika, inateleza, na kabini inanuka kama barabara mpya. Kata kipande, vuta kwa vidole: butili inavutika kama ubani wa kutafuna na haina harufu kali. Lami inakatika na kuacha weusi mkononi. Kilichokuacha mweusi kirudishe dukani.

Cha pili ni sponji isiyonywa maji. Narudia, isiyonywa maji. Sponji ya godoro ni rahisi, ni laini, na ndani ya msimu mmoja wa masika itaozesha sakafu yako kwa kutu, kwa sababu inashika maji chini ya kapeti na huoni. Jaribio lake ni ndoo: zamisha kipande usiku kucha kwa kukandamizia jiwe, asubuhi kikamue. Kikitoa maji, si chenyewe. Zile shiti za EVA wanazokata mafundi wa kandambili zinafaa sana, za milimita 5 hadi 6.

Cha tatu ni mpira mzito, shiti ya milimita 3 hivi, unaolala sakafuni na kwenye ukuta wa injini juu ya sponji. Huu ndio unaozuia mngurumo usipite, kwa uzito wake. Usiubandike kwenye bati. Ulaze tu, sponji iwe katikati.

Sasa kazi. Chomoa hasi ya betri. Toa siti, toa vipande vya plastiki vya vizingiti, inua kapeti. Utashangaa vumbi. Fagia, osha kwa sabuni, kausha, kisha pangusa kila bati kwa spiriti na kitambaa safi. Petroli sitaki kuisikia kwenye kabini iliyofungwa. Penye kutu kwangua, paka rangi ya kuzuia kutu, acha ikauke siku nzima. Butili haishiki kwenye vumbi wala mafuta, na haishiki vizuri kwenye ubaridi. Kwa Dar jua linatosha, Iringa asubuhi utahitaji mashine ya hewa moto. Baada ya kubandika, kandamiza kwa rola ndogo mpaka vijistari vya foili vilale. Vaa glavu, kingo za foili zinakata kama wembe.

Ukuta wa injini uufuatilie ukiwa na tochi. Mwenzako asimame upande wa injini na tochi kali, wewe lala chini ya dashibodi gizani. Kila unapoona mwanga ndipo mngurumo unapopita: mpira wa kupitishia waya uliopasuka, tundu la klachi, tundu ambalo fundi fulani alilitoboa miaka hiyo na kuliacha wazi. Yazibe hayo kwanza. Tundu la ukubwa wa kidole linaweza kuharibu faida ya shiti nzima ya mpira. Usikaribie pedeli: hakikisha klachi, breki na mafuta vinakanyagika hadi mwisho baada ya kuweka kila kitu.

Nyuma ya siti ya nyuma, kwenye ukuta wa kabini, utakuta matundu yenye vifuniko vya plastiki vinavyopumua. Yaache. Hewa ikikosa pa kutokea milango itakuwa migumu kufunga. Paa niliweka vipande vichache tu na sponji juu yake. Faida yake kubwa ni mvua, maana ile ngoma ya matone juu ya paa, Mikumi mpaka Doma, imekwisha.

Milango ndiyo inayostahili siku nzima, kwa kuwa hapo ndipo kelele na muziki vinapokutana. Toa skrubu za mkono wa kuvutia na za kitasa, chomoa vilipu kwa kipande cha plastiki badala ya bisibisi, nyanyua paneli juu. Chini yake kuna nailoni iliyobandikwa. Ichane taratibu uihifadhi. Ingiza mkono kwenye matundu makubwa uisafishe ngozi ya nje kwa ndani. Gonga kwa kifundo cha kidole: inalia "ting". Bandika butili katikati, gonga tena: "dup". Hapo umemaliza, usiongeze. Acha wazi matundu ya kutolea maji chini ya mlango. Maji ya mvua huingia mlangoni kila siku kupitia kwenye kioo na lazima yatoke.

Halafu ziba yale matundu makubwa ya ngozi ya ndani. Spika ya mlangoni inasukuma hewa mbele na nyuma. Hewa ya nyuma ikipita kwenye tundu na kukutana na ya mbele, besi inajifuta yenyewe. Mlango uliozibwa unageuka boksi la spika. Kwenye matundu mapana tumia plastiki ngumu au bati la alumini lililofungwa kwa skrubu, juu yake butili, ili mashine ya kioo ikifa uweze kufungua. Fundi wangu alipowasha spika zangu za zamani baada ya hapo, zilezile zilizokuja na gari, alinyamaza kidogo kisha akasema, "Mama, hizi nilitaka kuzitupa."

Tuje kwenye muziki wenyewe. Redio iliyokuja na gari kutoka Japani imetengenezwa kwa FM ya kwao, inayoanzia 76, wakati stesheni zetu ziko 87.5 hadi 108. Watu hufunga kile kidude cha kubadilishia masafa. Mimi nasema weka pesa hiyo kwenye redio mpya yenye bluetuthi na matundu ya RCA, yale ya kupeleka sauti kwenye amplifaya. Kwenye soketi za Toyota za zama hizo kijivu ni umeme wa swichi, bluu yenye mstari wa njano ni wa kudumu, kahawia ni ethi. Redio za dukani hutumia nyekundu kwa swichi, njano kwa kudumu, nyeusi kwa ethi. Rangi zisikutie kiburi, pima kwa multimita, kwa sababu gari la miaka 20 limepita mikononi mwa wengi. Ukibadilishana njano na nyekundu, redio itasahau stesheni kila ukizima.

Spika za mbele chagua za inchi 6.5 zenye tweta (spika ndogo ya sauti nyembamba) ya kutenganisha, tweta ikae juu karibu na kioo. Kabla hujanunua shusha kioo hadi mwisho upime kina. Ringi ya kushikia spika iwe ya plastiki au mbao iliyopakwa rangi vizuri. Mbao za unga wa kubana zikilowa mlangoni zinafura na kumeguka. Kupata chanya na hasi ya spika isiyo na alama, gusisha betri ya voti 1.5: koni ikiruka nje, waya uliogusa chanya ndio chanya. Spika moja ikiwa kinyume utasikia waimbaji hawako mahali popote na besi imepotea.

Na zile wati elfu mbili? Geuza amplifaya usome fyuzi yake. Kama ni ampia 30, zidisha kwa voti 13.8 unapata wati 414 zinazoingia, na zinazotoka ni pungufu ya hapo. Boksi linaweza kuandika linachotaka, fyuzi ndiyo inayosema kweli. Kwa kabini iliyotulia, amplifaya ya njia nne yenye RMS (nguvu halisi ya kudumu) ya wati 50 kila njia inatosha na kubaki. Waya wa umeme uwe wa shaba wa milimita za mraba 8. Ukwangue kwa kisu, ukiwa mweupe ndani ni alumini iliyopakwa. Fyuzi ikae karibu na betri, isizidi sentimita 45, maana kazi yake ni kuulinda waya usiwashe gari. Pitisha umeme upande mmoja wa kabini na RCA upande mwingine, la sivyo utasikia alteneta ikipiga mluzi kila unapokanyaga mafuta. Ethi iende kwenye bati lililokwanguliwa rangi, fupi kadiri inavyowezekana.

Kupanga gaini, ile nobu ya kiwango cha sauti kwenye amplifaya, usitumie sikio. Chomoa spika, zima kichujio, weka redio robo tatu, besi na treble sifuri, cheza mlio wa Hz 100 kutoka kwenye simu. Multimita ikiwa kwenye kipimo cha voti za AC, pandisha gaini mpaka isome voti 14, hiyo ni wati 50 kwa spika ya omu 4. Kisha rudisha spika, kata chini ya Hz 80 kwenye milango, na kama unataka besi ya taarabu ikae sawasawa, sabufa bapa yenye amplifaya yake chini ya siti ya nyuma ishike kuanzia hapo kushuka. Inchi 8 inatosha.

Mwisho, cheza mlio unaopanda polepole kutoka Hz 30 hadi 200, gari limezimwa, mwenzako akishika paneli moja baada ya nyingine. Sahani ya majivu, kilipu kilichokatika, kioo kilichoshuka nusu: kila kinacholia kibandikie kipande cha EVA nyuma yake.