Namna ya Kufuatilia Ubora wa Vipimo vya Sukari Wodini

Kipimo cha sukari kinachofanywa kando ya kitanda hutoa jibu ndani ya sekunde chache, na mara nyingi mgonjwa hupewa insulini au dripu ya glukosi kwa kutegemea jibu hilo pekee. Kwa hiyo ubora wake hauna budi kulindwa wodini penyewe, chini ya usimamizi wa mtaalamu wa maabara aliyepewa dhamana hiyo kwa maandishi.

Kila mashine ya kupimia sukari ipewe namba na daftari lake. Kila kopo la stripu, yaani vijiti vyembamba vinavyowekewa tone la damu na kuingizwa kwenye mashine, liandikwe tarehe ya kufunguliwa, kisha lifungwe barabara kila baada ya kutolewa stripu, kwa kuwa unyevunyevu huziharibu hata kabla muda wake haujaisha.

Kila siku mashine inapotumika, kabla ya kumpima mgonjwa wa kwanza, pima maji ya udhibiti, yaani maji maalumu ambayo kiasi cha sukari yake kinajulikana, ya kiwango cha chini na cha juu. Rudia kipimo hicho kopo jipya linapofunguliwa, mashine inapoanguka, au jibu lisipolingana na hali ya mgonjwa. Andika namba yenyewe, wala si alama ya vema. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu namba zikichorwa kwenye grafu huonyesha mashine inayopanda au kushuka kidogo kidogo, ilhali kila jibu bado limo ndani ya mipaka ya mtengenezaji.

Jibu la udhibiti likitoka nje ya mipaka, simamisha matumizi, kagua tarehe, kisha rudia kwa maji na stripu za kopo jipya. Likishindikana tena, iondoe mashine wodini, halafu pitia majibu yote ya wagonjwa tangu udhibiti wa mwisho uliofaulu na umjulishe daktari. Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, nayo ndiyo inayomhusu mgonjwa moja kwa moja.

Mara kwa mara linganisha mashine na maabara. Damu ya mshipa ichukuliwe wakati uleule na kuwekwa kwenye chupa yenye floraidi, kemikali ya kuzuia sukari isiliwe, kwa maana chembe za damu huendelea kula sukari, na sampuli iliyocheleweshwa itafanya mashine isiyo na kasoro ionekane mbovu. Kiwango cha kimataifa cha mashine za sukari, ISO 15197 cha mwaka 2013, kinataka angalau asilimia 95 ya majibu yasipishane na maabara kwa zaidi ya 0.83 mmol/L (milimoli kwa lita) sukari ikiwa chini ya 5.55 mmol/L, au kwa zaidi ya asilimia 15 ikifikia hapo na kuendelea.

Usitumie damu ya mgonjwa mwenye upungufu mkubwa wa damu katika ulinganisho huo, kwani mashine nyingi husoma juu kuliko hali halisi. Hatari ni kubwa zaidi kwa mtoto mwenye malaria kali na upungufu wa damu, ambaye sukari yake huenda imeshuka huku mashine ikionyesha jibu linaloridhisha. Wodi ya watoto ielekezwe kwa maandishi kwamba mtoto wa namna hiyo akilegea au kupata degedege, jibu la mashine lisitoshe kuiondoa shaka ya sukari kushuka, na sampuli ipelekwe maabara mara moja.