Jinsi ya kupima mafuta ya karafuu kwa mashine ya FTIR na kujua kama yamechakachuliwa

Ukitaka kujifunza kupima mimea kwa infraredi, ule mwanga usioonekana ambao mashine ya FTIR inautumia, anza na karafuu, manake sehemu kubwa ya mafuta yake ni kitu kimoja, eugenoli, mara nyingi asilimia 70 mpaka 85, halafu inafuata eugenoli asetati na kariofilini na vingine vidogovidogo, kwa hiyo spektra, ule mchoro wa vilele (piki) unaotoka kwenye mashine, inakuja safi na mtu anayeanza anaweza kuisoma. Na kazi yenyewe ina faida ya kweli. Pemba na Unguja mafuta yanatolewa kwenye karafuu zenyewe na pia kwenye makonyo, vile vijiti vinavyobaki watu wakishachambua, na ya makonyo ni rahisi kuliko ya karafuu, sasa ukinunua chupa ukaambiwa ni ya karafuu tupu ni haki yako kujua.

Infraredi inaona vifungo vya kemikali vinavyotikisika. Kila kifungo kina sehemu yake kwenye mstari wa 4000 mpaka 400 cm⁻¹ (idadi ya mawimbi kwa sentimita, na namba zote za piki hapa chini ni za kipimo hicho), jina la kemikali unalitoa we mwenyewe kwa kulinganisha, ndo maana usianze kabisa bila kuwa na chupa moja ndogo ya eugenoli halisi ya maabara na mafuta ambayo unajua yametoka wapi.

Hatua ya 1, andaa sampuli. Unga wa karafuu kavu unaweza kuupima moja kwa moja, na piki ya 1514 ya eugenoli utaiona, ila selulosi na sukari za mmea zinajaa pale karibu na 1030, maji nayo yanatanda 3300 yote, vitu vidogo unavyotafuta vinafunikwa. Bora utoe mafuta kwanza: ponda karafuu, chemsha na maji, mvuke upite kwenye kipozeo, uache saa 3 au 4. Hapa angalia sana, mafuta ya karafuu ni mazito kuliko maji, yanazama, kwa hiyo ukitumia kikusanyio cha mafuta mepesi kile cha mchaichai, mafuta yatakuwa yanarudi na maji kwenye chupa inayochemka na utadhani karafuu zako hazina kitu. Tafuta kikusanyio cha mafuta mazito. Ukishayapata tia sodiamu salfeti kavu kidogo inyonye maji, acha yatulie, hifadhi kwenye chupa ya kioo cha rangi, mbali na mwanga. Plastiki hapana, eugenoli inakula baadhi ya plastiki na huo uchafu utakuja kuusoma kwenye spektra.

Hatua ya 2, mashine. Naongelea FTIR yenye ATR ya dimondi, yaani sampuli unaiweka tu juu ya kristali ndogo na mwanga unaipima kutokea chini, ndo iliyo rahisi zaidi, hakuna kutengeneza vidonge vya chumvi. Weka rezolusheni 4 cm⁻¹, skani 32, na skrini iwe kwenye absobansi (mwanga ulionyonywa) siyo transmitansi (mwanga uliopita), manake kwenye absobansi urefu wa piki unaenda sambamba na kiasi. Kama mashine yako inaishia 650 haina shida, tunachohitaji kiko juu ya hapo. Pima filamu ya polistirini, plastiki ya kuhakikishia mashine, piki yake lazima ikae 1601, ikihama ujue namba zako zote zimehama. Halafu safisha kristali na isopropanoli, ikauke, piga bakgraundi, yaani kipimo cha kulinganishia, bila kitu juu. Usiinamie mashine ukipumua, kabonidayoksaidi ya pumzi inatokea karibu na 2350 na mvuke wa maji unaleta vimeno vidogovidogo kati ya 1500 na 1900, palepale tunapotaka kusoma.

Hatua ya 3, tone moja. Kweli moja tu, lifunike kristali, mkono wa kukandamiza hauna kazi kwa kimiminika. Mwanga unaingia mikromita 1 au 2 hivi, kuongeza tone la pili hakuongezi kitu. Pima, futa, weka tone jipya, pima tena, spektra tatu zikilaliana unaendelea. Kati ya tone na tone futa mpaka mstari kwenye skrini ulale kabisa na 1514 ipotee. Pua itaendelea kusikia karafuu hata kristali ikiwa safi, we fuata skrini.

Hatua ya 4 ndo penyewe, kusoma. Eugenoli utaijua kwa 1514 ndefu na nyembamba, pembeni yake 1606 na 1637, chini 1267 na 1233, halafu 1035, 995 na 912. Hizo za 995 na 912 ni za ule mkia wenye kifungo maradufu mwishoni. Juu kabisa kuna mlima wa OH (kifungo cha oksijeni na hidrojeni) karibu na 3515, na uko juu hivyo kwa sababu OH ya eugenoli imeshikana na oksijeni ya jirani ndani ya molekuli ileile. Ukiona mlima mpana umeshuka mpaka 3350 hivi, shuku maji au pombe. Usitumie 1640 kuthibitisha maji hapa, inagongana na 1637 ya eugenoli yenyewe. Kwa pombe angalia kama 1045 na 1087 zimenyanyuka.

Sasa nenda 1700 mpaka 1800, hapa ndo siri yote. Mafuta ya karafuu zenyewe yana eugenoli asetati ya kutosha, inaleta piki karibu na 1765. Ya makonyo yana kidogo sana, sehemu hiyo inakuwa karibu tupu. Ukikuta piki iko 1744 hiyo siyo asetati, ni mafuta ya kula, alizeti au mawese au kitu cha aina hiyo, na utapata ushahidi mwingine 2922 na 2853 zikiwa zimepanda, na 1160 imenenepa. Vyote viwili vikiwepo utaona piki yenye bega, ivute skrini kubwa uangalie, usiiache programu ikuchagulie namba, na usilainishe mstari sana maana bega linafutika.

Hatua ya 5, kiasi. Changanya mwenyewe mafuta safi na ya alizeti: 0, 5, 10, 20 na 40 kwa mia, kwa uzito, chora uwiano wa 1744 kwa 1514, halafu sampuli yako isome kwenye huo mstari. Msingi wa spektra, ile sehemu tambarare chini ya piki, urekebishe kwa njia ileile kwenye zote.

Na usiandike kwenye ripoti zaidi ya ulichoona. Kitu kilicho chini ya asilimia 1 hivi kwa kawaida infraredi haitakuonyesha, na mafuta ya majani ya mdalasini nayo yamejaa eugenoli, kwa hiyo mtu akichanganya hayo spektra itafanana sana. Ukishuku hivyo sampuli iende GC-MS, mashine inayotenganisha kemikali na kuzitambua moja moja, na uipeleke pamoja na faili ghafi, sehemu ya mmea, na tarehe mafuta yalipotolewa, manake eugenoli ikikaa wazi inabadilika rangi kuwa kahawia na anayepima baada yako anatakiwa ajue anapima kitu cha umri gani.