Indiketa inakimbia (inawaka na kuzima haraka mno) baada ya kufunga LED? Badilisha flasha

Chomoa flasha ya zamani (relei ndogo inayofanya indiketa iwake na kuzima), mara nyingi iko chini ya dashibodi au kwenye boksi la fyuzi, uweke ya kielektroniki ya LED. Ya zamani hupima mzigo: balbu ya wati 21 ikiondoka na LED ya wati chache ikaingia, inachukulia balbu imeungua na kukimbiza indiketa. Linganisha pini B (betri), L (taa) na E (athi) kabla ya kuchomeka. Zikipishana, indiketa hazifanyi kazi. Gari ambalo indiketa zake zinaendeshwa na kompyuta halina flasha ya kuchomoa. Hapo funga rezista (kipande cha kuongeza mzigo) ya omu 6, wati 50, sambamba na kila LED, na uibane kwenye chuma cha bodi, kamwe si plastiki: inachoma kweli. Ukikimbia upande mmoja tu, kagua waya wa athi kwanza.