Kambi ya likizo chuoni Bagamoyo: kanuni za mtu mzima anayefanya kazi na watoto

Shule zikifungwa Juni na Desemba, chuo kinachoandaa kambi ya watoto Bagamoyo kitapokea wa Dunda, wa Magomeni, wa Nianjema, na wengine kutoka Kaole. Wanakuja kwa ngoma, sarakasi, maigizo na uchoraji. Watakaokuwa nao ni wakufunzi, wanachuo, wasanii wa kujitolea, mpishi na mlinzi. Kanuni hizi ni za wote. Mpishi na mlinzi husahaulika kwenye mafunzo, na hao ndio wanaobaki na mtoto aliyechelewa kufuatwa.

Karibu kila kanuni inarudi hapa: unalofanya na mtoto, awepo mtu wa tatu anayeliona. Na mtoto, kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Binti wa miaka 17 anayemshinda mwanachuo wa miaka 20 kucheza sindimba bado ni mtoto, na yule mwanachuo ni mtu mzima wake hata kama wanakaa mtaa mmoja. Hapa ndipo wanachuo huteleza: hujiona kaka na dada.

Kabla ya siku ya kwanza, kila mtu alete nakala ya kitambulisho na majina ya wadhamini wawili waliomwona akifanya kazi na watoto. Barua ya udhamini haitoshi, piga simu. Uliza moja kwa moja: "Ungemwachia mwanao?" Sikiliza jibu, na usikilize pia anavyosita. Kisha mhusika asaini kanuni zilizoandikwa kwa Kiswahili, asomewe kwanza kama kusoma kunamsumbua.

Idadi: mtu mzima mmoja kwa watoto wanane wa miaka 9 hadi 12, mmoja kwa kumi wa miaka 13 na kuendelea, na hata watoto wakiwa watano, watu wazima wawe wawili. Mmoja akipeleka mgonjwa zahanati, yule wa pili anabaki na kundi.

Mlango wa darasa ukae wazi, uzuiwe kwa tofali ikibidi, maana upepo wa bahari huufunga bila kuuliza. Mtoto akitaka kuzungumza faragha, kaeni barazani nje ya ukumbi, mahali watu wanawaona lakini hawawasikii.

Mwili na maleba (mavazi ya jukwaani)

Kazi ya sanaa ina shida ambayo hesabu haina: huwezi kufundisha ngoma bila kuzungumza juu ya mwili. Lakini kiuno hakifundishwi kwa kukishika. Simama mbele yao, onyesha kwa mwili wako, au mtoto awe na kanga kiunoni juu ya nguo ili aone mwenyewe inavyocheza. Kanga hiyo ajifunge yeye, au afungwe na mwenzake. Ukilazimika kurekebisha, sema kwanza: "Naomba nikushike kiwiko." Subiri akubali. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono vinatosha kwa mpigaji na mchezaji. Kwenye sarakasi, anayeanguka hudakwa popote, na hilo lielezwe kwa watoto na wazazi siku ya kwanza. Mazoezi ya piramidi yafanyike ukumbini, kamwe si pembeni na mtoto mmoja "mwenye kipaji".

Kupima maleba kunaharibu wengi bila kukusudia. Pima juu ya nguo, hadharani, mtoto mwenyewe akishika ncha ya utepe kiunoni nawe ukisoma namba. Vyumba vya kubadilishia viwe viwili, mtu mzima wa jinsia yao asimame nje ya mlango, aingie akiitwa tu. Simu haziingii humo, za watoto wala za watu wazima.

Maneno nayo yana mipaka. Utani wa babu kumwita mjukuu "mke wangu" tumeulea Pwani, na nyumbani una wenyewe. Kambini, mkufunzi anayemwita binti wa miaka 12 "mchumba" anamzoesha kitu ambacho siku moja atakisema mtu mbaya zaidi. Marufuku, hata watoto wakicheka.

Kutumwa ni jambo jingine linaloonekana dogo. Mtoto wa hapa hakatai kutumwa na mkubwa, na anayewinda watoto analijua hilo. Kwa hiyo hakuna kumtuma mtoto chumbani kwako, bwenini, wala dukani kukununulia vocha. Hakuna pia zawadi ya faragha: bando, chipsi, viatu. Ukitaka kutoa, mpe mratibu, agawe kwa wote.

Viboko hapana. Kanuni za mwaka 2002 zinazoruhusu viboko shuleni zinamhusu mkuu wa shule na mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi. Mwezeshaji wa kambi hayumo. Mtoto msumbufu atolewe kwenye zoezi, akae anapoonekana, mzazi apigiwe.

Mawasiliano yapitie kundi la wazazi, si namba ya mtoto. Picha zipigwe kwa simu ya kambi, mzazi akiwa amesaini, na zisitaje jina la mtoto pamoja na mtaa wake.

Mwisho wa siku uwe saa kumi, ili wa madrasa wawahi na wengine wafike kwao kabla ya Magharibi. Anayemchukua mtoto awe kwenye orodha. Bodaboda asiyeorodheshwa harudi na mtoto hata akitaja jina la mama yake. Mkufunzi naye hampi mtoto lifti peke yake.

Mtoto akikwambia ameumizwa

Sikiliza. Usishtuke usoni. Usimwahidi siri, mwambie, "Nitawaambia wale tu wanaoweza kukusaidia." Usimhoji: swali kama "Alikushika hapa?" linamtilia maneno mdomoni na kuja kuharibu ushahidi. Baadaye andika aliyoyasema kwa maneno yake, pamoja na saa na tarehe.

Mwarifu mratibu siku hiyohiyo, na taarifa ifike kwa Afisa Ustawi wa Jamii au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Simu ya bure kwa masuala ya watoto ni 116. Kama ni ukatili wa kingono, mtoto asioge, na nguo zake ziwekwe kwenye bahasha ya karatasi, kwani kwenye nailoni unyevu huziozesha. Hospitali iwe ndani ya saa 72: dawa za kuzuia VVU hazianzishwi baada ya hapo, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Kuna watakaotaka yaishe nyumbani, kwa wazee, na mbuzi. Kambi haina mamlaka ya kusuluhisha, na Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii mwenye taarifa aifikishe serikali za mitaa. Aliyetajwa aondolewe kwenye kazi na watoto wakati uchunguzi ukiendelea, bila kutangazwa. Akiwa ni mratibu mwenyewe, usianzie ofisini kwake. Nenda ustawi wa jamii moja kwa moja.