Kusoma hesabu ya zamani ya shehena ya Zanzibar

Kwanza tenganisha nauli na ushuru. Nauli, neno la Kiarabu lenye mizizi ya Kigiriki, ni malipo ya chombo. Leo tunalisikia zaidi kwenye daladala, ila katika hesabu hizi ni la mzigo pia. Ushuru hulipwa forodhani.

Hapa ndipo wengi huteleza. Ushuru asili yake ni neno la Kiarabu la sehemu moja ya kumi, basi mtu akiliona tu anapiga asilimia 10. Mkataba wa Sayyid Said, Sultani wa Oman na Zanzibar, na Marekani wa 1833 uliweka asilimia 5 kwa bidhaa zinazoshushwa. Kwa hiyo majora ya merikani (jina la kitambaa hicho linasema kilikotoka) yenye thamani ya riale 400 yanadaiwa riale 20, si 40.

Uzito: frasila ya Zanzibar ni ratili 35, yaani kama kilo 15.9. Sandarusi (utomvu mgumu wa mti) frasila 100 ni takriban kilo 1,588. Bandari nyingine zilikuwa na frasila zao, kwa hiyo angalia kwanza mzigo ulipimwa wapi.

Riale za Maria Theresa, sarafu za fedha za Austria zilizotumika katika hesabu hizi, zimeandikwa mwaka 1780 hata zilizopigwa miongo mingi baadaye. Usizitumie kukisia umri wa hesabu.

Jumla ya mapato ya forodha nayo ina mtego. Forodha ilikodishwa kwa wafanyabiashara kama Jairam Shivji, hivyo tarakimu hiyo huenda ni malipo ya kuikodi tu aliyopewa Sultani, si ushuru wote uliokusanywa.