Kabla hujahamisha mogeji yako

Wenye mkopo wa nyumba hapa Kampala, ukisikia benki ingine ina riba nafuu usikimbilie kuhama, kwanza omba benki yako ikuandikie deni la kumaliza leo ni ngapi, na faini ya kulipa mapema ionekane humo. Piga hesabu: deni milioni 100, faini asilimia 2 ni milioni 2, na riba ikitoka 17 hadi 16 unaokoa kama milioni moja tu mwaka wa kwanza, bado hujalipa mthamini, wakili, ushuru wa stempu na kufuta rehani ya zamani kwenye hati. Riba fiksi, yaani ile isiyobadilika kwa muda mliokubaliana, ikibakiza mwaka mmoja hivi mi ningesubiri tu. Au mpelekee meneja wako hiyo ofa, saa zingine wanashusha wenyewe.