Somo: Wireshark ikikosea itifaki, irekebishe hivi

Wiki iliyopita nilikuwa Deep Sea, Tanga, kwenye jokofu la samaki lenye kihisi joto kinachotuma vipimo kwa Wi-Fi. Mwenyewe analalamika namba kwenye simu haibadiliki. Nilipozifungua pakiti (vipande vya data vinavyopita mtandaoni) kwa Wireshark, programu ya kuchungulia mtandao, ikaniandikia HTTP, itifaki (yaani lugha) ya kurasa za wavuti, kila mstari, ilhali kihisi kile kinaongea MQTT, lugha ya vifaa vidogo kutuma vipimo kwa seva. Aliyekifunga alitumia poti (namba ya mlango wa huduma) 8080 badala ya 1883 ya kawaida ya MQTT. Wireshark aghalabu huangalia poti tu; ikikuta 8080, kwake ni HTTP.

Nasa (rekodi pakiti za) mtandao wako tu, au wa aliyekuruhusu. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina utani.

1. Kadi ya Wi-Fi iwe kwenye hali ya monitor (kusikiliza pakiti zote za hewani), chaneli ileile ya ruta. Ruta ikiwa 6 na wewe 11, utaambulia makombo.

2. Fungua usimbaji (ufichaji wa data ya Wi-Fi) kwanza. Mimi nilirukia hatua ya 3, nikapoteza saa nzima nikilaumu betri. Nenda Edit, Preferences, Protocols, IEEE 802.11, ongeza ufunguo wa wpa-pwd: nenosiri, nukta mbili, jina la mtandao. Halafu zima kihisi na kukiwasha huku unanasa, kwa sababu zinatakiwa zile fremu 4 za EAPOL za kupeana mkono, ambapo kihisi na ruta hukubaliana funguo. Zikikosekana, nenosiri sahihi halikusaidii.

3. Bofya kulia kwenye pakiti, Decode As. Poti ya TCP 8080, upande wa Current chagua MQTT. OK hudumu mpaka ufunge programu. Ukitaka ibaki, bonyeza Save.

4. Hakikisha kwa macho, maana hata ukiidanganya itakubali. Kwenye heksi (data ghafi kwa namba 0-9 na herufi a-f), pakiti ya kihisi ya kujitambulisha huanza na 10, kisha urefu, kisha 00 04 4d 51 54 54. Hizo nne za mwisho ni herufi M, Q, T, T zenyewe. Vipimo vya kawaida huanza na 30. Pale Deep Sea sikuona 30 hata moja. Kila kihisi kikibisha hodi, seva inajibu 20 02 00 05. Hiyo 05 maana yake huna ruhusa. Kumbe nenosiri la seva lilibadilishwa, kihisi hakikuambiwa.

MASWALI

— Shikamoo fundi. Ruta yangu ni WPA3, nimeweka nenosiri lakini wapi.
— Marahaba. Kwa WPA3, usalama mpya wa Wi-Fi, nenosiri peke yake halifungui. Irudishe WPA2 wakati wa kupima, au nasa upande wa seva.

— Kaka, yangu inatumia poti 8883.
— Hapo kuna TLS, usimbaji mwingine, juu yake. Utaona nani anaongea na nani, maneno yenyewe huyapati bila funguo za kikao.

— Nimefuata somo, sasa kurasa za kamera yangu ya dukani nazo zinaandikwa MQTT!
— Kamera nayo iko 8080, dada. Decode As inashika poti nzima, haichagui kifaa. Tengeneza profaili (seti ya mipangilio ya Wireshark) ya kihisi peke yake, na kwenye ile ya kawaida ufute huo mstari.